Umeuliza ya mjukuu, ya mzazi hukuuliza

"Shangazi, salamu. Mimi ni mama wa Makorora, Tanga. Mwanangu wa kwanza alioa mwaka juzi, na mwezi uliopita nimepata mjukuu wa kiume. Mimba ilimsumbua mkamwana wangu, akavimba miguu, akawa analalamika kichwa, mwisho akaanguka kifafa, akakimbizwa hospitali na kupasuliwa ikiwa wiki ya 32. Mtoto alitoka na kilo moja na nusu. Tangu siku hiyo mimi si mtu. Wodini nilizuiwa, mama yake akaruhusiwa. Nilimpeleka mwalimu awasomee, akarudishwa mlangoni. Siku ya saba nilishafunga mbuzi wawili wa akika, nikaambiwa ningoje. Walipotoka hospitali hawakuja kwangu, wakaenda kwao Muheza. Nimewafuata huko, nimemkuta mtoto amefungwa kifuani kwa mama yake kutwa nzima. Sikupewa nimwogeshe, maji hapewi hata kijiko na joto lote hili, na chupa yangu ya asali mama mtu aliichukua akaiweka juu ya kabati. Hata picha ya mtoto niliyoiweka status niliambiwa niifute, eti kwa sababu ana mipira puani. Mwanangu ananiambia, 'Mama, ngoja kwanza, tutakuita.' Naona mkewe ameshamgeuza. Siku ya upasuaji nilisema neno moja tu la utani, sidhani kama ndilo. Nishauri. Bibi Asiyetakiwa."

Bibi mwenzangu, hongera. Na pole, maana kukaa kwenye benchi la hospitali usiku, mlango wa chumba cha upasuaji umefungwa na hujui watatoka wangapi, si jambo la kumwombea mtu. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeitafuta kitu kimoja juu mpaka chini na sikukiona. Kidonda cha mkamwana kimefunga? Presha imeshuka? Anapata usingizi? Umemtaja mjukuu, mbuzi, mwalimu, asali, picha na mwanao. Hata chupa ya asali imepata nafasi yake. Mwanamke aliyeanguka kifafa na kupasuliwa tumbo hana hata jina kwenye barua yako, na baada ya mtoto kutoka hasikiki tena ila kwa kosa la kumgeuza mume.

Halafu hilo "neno moja tu la utani". Umelisukuma mwisho kabisa wa barua na hukuliandika. Neno lisilo na uzito mtu hulitaja bila kuogopa, kwa hiyo mwenyewe unajua uzito wake. Nitalikisia, maana kwenye korido za wazazi linasemwa kila siku: "Wasichana wa siku hizi hawajui kusukuma." Kama si hilo, basi ni ndugu yake: "Sisi tulizaa wenyewe, hatukupasuliwa." Ulimi hauna mfupa, mama, lakini huyo mwenzio alikuwa amelala juu ya machela akisikia.

Sasa nikueleze alichokuwa nacho. Kifafa cha mimba hakihusiani na kusukuma wala na uvivu, na shetani hayumo. Ni presha inayopanda mimba ikishavuka wiki ya 20, protini inatoka kwenye mkojo, miguu na uso vinavimba, kichwa kinagonga, macho yanaona vimulimuli, na isipodhibitiwa mwanamke anaanguka. Sindano za magnesiamu humzuia asianguke tena na dawa za presha humshikilia, ila ugonjwa wenyewe hauanzi kuondoka mpaka mimba itoke. Ndiyo maana daktari hakungoja wiki ya 40. Angengoja, leo ungekuwa na matanga.

Na kwa kuwa umeandika kwa mkono wako kwamba alivimba miguu na kulalamika kichwa, nami nakuuliza: alipolalamika, alilalamika kwa nani, na akajibiwa nini? Sikushtaki. Wengi wetu tunaona miguu kuvimba ni kawaida ya mimba. Lakini kama jibu lilikuwa "hata sisi tulivimba", huyo binti analikumbuka.

Hilo la "sisi tulizaa wenyewe" linanichosha. Kila nikimsikia bibi anajisifu kwamba alizaa kwa mkunga, chini kwenye mkeka, na yuko hai, huwa natamani kumwomba majina ya wale wengine. Kila mtaa wa utoto wetu ulikuwa na mwanamke aliyekwenda kuzaa asirudi, na mtoto akalelewa na khalati yake, dada wa mama yake. Waliopona ndio wanaokaa barazani kusimulia. Wale wengine hawana wa kuwasemea, ndipo sisi tukaamini kwamba zamani uzazi ulikuwa rahisi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tuje kwenye mashtaka. Wodi ya watoto njiti huzuia watu wote, aingiaye ni mama na mtu mmoja wa kumsaidia, na muuguzi ndiye anayefunga mlango. Mkamwana alikuwa na dripu mkononi. Hakuwa na nguvu ya kumfukuza hata inzi. Akamchagua mama yake kuwa wa kumsaidia, na wewe ungekuwa yeye ungemchagua nani? Mavyaa wako? Mwalimu wako dua yake inafika hata akisomea Makorora. Na Muheza kumekuwa kosa tangu lini? Huku pwani binti akipata uzazi wa kwanza hukaa kwao, mama yake ndiye ampikie uji wa pilipili manga na kumkalia usiku. Wewe wa kwako ulimzalia wapi? Hukutuandikia.

Hilo la kufungwa kifuani umelisema kama aibu, na ndilo linalomfanya mjukuu wako aishi. Mtoto wa kilo moja na nusu hana mafuta chini ya ngozi, joto lake linakimbia upesi. Anavishwa nepi, kofia na soksi tu, anasimamishwa katikati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande ili pua ipate hewa, halafu kanga inapitishwa mgongoni na kukazwa. Wanaita kangaruu. Ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, kwenye hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njiti afungwe hivyo tangu anapozaliwa, kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku. Kwa hiyo uliposema "kutwa nzima", ulikuwa unamsifu mkamwana bila kujua.

Kuoga atakuja kuoga, kwa sasa anafutwa. Maji yamo ndani ya maziwa ya mama yake, na mpaka afikishe miezi 6 hahitaji mengine, joto la Tanga liwe kali namna gani. Asali mtoto haonji kabla ya kutimiza mwaka, maana inaweza kubeba vijidudu ambavyo utumbo wake hauviwezi. Aliyeiweka juu ya kabati alikuwa na adabu. Mwingine angeimwaga palepale ukiona.

Mbuzi hawajaharibika. Siku ya saba ndiyo bora, lakini wanazuoni wengi wametaja ya 14 na ya 21, na wapo wanaoruhusu hata baada ya hapo, kwa hiyo waache wanenepe. Kunyoa nywele pia kusubiri, kichwa cha njiti ndicho kinachopoteza joto jingi. Na ukipanga shughuli ya arobaini, piga hesabu: mtoto wa wiki 32 akitimiza siku 40 ndiyo kwanza anaikaribia wiki ya 38, yaani tarehe aliyopangiwa kliniki azaliwe bado haijafika. Hata serikali imeliona hilo. Mwaka 2025 sheria ya kazi ilirekebishwa ili mama aliyejifungua njiti aongezewe likizo juu ya zile siku 84. Wewe unataka akupokee na pilau.

Picha sina maneno mengi. Mtoto amelala na mirija puani, hajavishwa, wazazi wake hawajajua kama atapona, na wewe unapokea "mashallah" kutoka kwa watu wa vikundi vitatu vya vikoba. Ulikuwa unamwonyesha nani?

Mwanao hajageuzwa. Amekuwa baba. Alichokwambia, "ngoja kwanza, tutakuita", ni maneno ya heshima kutoka kwa kijana aliyeona mkewe akitupa mikono na miguu sakafuni na kudhani anamzika. Angekuwa hana adabu angekwambia alichosikia ukisema pale koridoni.

Na hapa niseme na kina mama wa waume wote, maana barua hii haijaja peke yake. Zamani mkamwana alikuwa anakaa uani kwako. Ukimwambia neno kali asubuhi, jioni mnachambua mchele pamoja, kesho unamtuma sokoni kwa jina la "mwanangu", lile neno linapotea. Siku hizi wanapanga chumba na sebule mji mwingine, mnajuana kwa simu. Neno lako linaingia kwa ujumbe wa sauti, naye anausikiliza tena saa nane za usiku anapokamua maziwa kwenye kikombe, mililita baada ya mililita, hakuna sahani ya jioni ya kulifuta. Ndoa za sasa hazina ua, na midomo yetu bado ni ya uani. Halafu tunashangaa wajukuu wanatuogopa. Nyie wakamwana nanyi msishangilie. Wapo kati yenu wanaomzuia bibi mtoto mzima mwenye kilo tano kwa ajili ya kisasi tu, na barua zao ninazo. Huyu wa Muheza simweki kwenye kundi hilo.

Sasa fanya hivi. Mpigie simu mama yake kwanza, umwombe siku ya kwenda. Ukikohoa au ukiwa na mafua, ahirisha. Usibebe asali, wanja, hirizi wala dawa ya chango. Beba kuku wa supu, unga wa uji, na doti mbili za kanga kuukuu zilizofuliwa na kulainika, hizo ndizo zinazofungia mtoto vizuri. Ukifika nawa mikono kwa sabuni bila kuambiwa.

Kabla hujamtazama mtoto, kaa karibu na mama yake, mwite kwa jina lake, umwambie: "Siku ile nilikukosea neno, nisamehe." Usiweke "lakini" baada ya hapo. Muulize amelalaje. Akitaka kulia mwache alie. Tumbo lake usiliguse, habari ya kumkanda kwa maji ya moto isahau, ana mshono.

Halafu mwombe akufundishe kumfunga mtoto. Ndiyo, wewe. Kangaruu si ya mama peke yake. Baba huweza, shangazi huweza, na bibi mwenye kifua kisafi huweza sana. Atakupa nusu saa ya kwanza akikuangalia kwa wasiwasi. Akiona unaweza atakupa saa mbili alale, na katika saa hizo mbili mjukuu atakuwa juu ya ngozi yako, ambalo ndilo ulilokuwa unalitaka muda wote ukazunguka nalo kwenye mbuzi na asali. Asipokupa siku hiyo, rudi Tanga kimya kimya, wiki ijayo uende tena.

Jambo la mwisho, na hili ni zito kuliko yote. Kifafa hiki huweza kurudi hata baada ya kujifungua, ndani ya zile wiki sita za mwanzo. Ukiwa pale Muheza akakwambia kichwa kinagonga, anaona vimulimuli, au tumbo linamkaza sehemu ya juu, chini ya mbavu, usimwambie hata wewe uliumwa kichwa. Tafuta gari.