Majani ya Dawa Maabara

Swali: Nimesoma kwamba dondoo la majani fulani limezuia bakteria maabara. Je, hilo linathibitisha kwamba kuyanywa kunatibu?

Jibu: La. Majani hukaushwa, husagwa na kulowekwa katika maji au ethanoli (aina ya alkoholi) ili kupata dondoo, na kiyeyusho hicho huchangia kuamua kemikali zitakazotoka. Tanini, kwa mfano, yaani kemikali za mimea zenye ukakasi, hutambuliwa kwa kloridi ya feri, inayogeuza rangi kuwa buluu au kijani iliyokolea. Kisha kikaratasi kilicholowa dondoo huwekwa juu ya agari, yaani rojo lililoganda la kuoteshea vijidudu, iliyopandwa bakteria, na baada ya saa 18 hadi 24 hupimwa kipenyo cha eneo wasikoota. Eneo hilo, ambalo wengi hulishangilia mapema mno, hutegemea pia jinsi kemikali inavyosambaa kwenye agari, wala halionyeshi sumu au kiasi kitakachofika kwenye damu.