Nondo wa 1947 na watu wa hadithi tamu

Wiki hii mmeuliza ni neno gani la Kiingereza tunalolitumia kila siku ambalo asili yake ilitushangaza. Mimi asili hainishangazi sana, kinachonishangaza ni watu wanavyomeza hadithi yoyote ilimradi tamu. Mara "posh" (ya kifahari) ni herufi za mwanzo za maneno yaliyoandikwa kwenye tiketi za meli, na hakuna aliyewahi kutuonyesha hata tiketi moja ya hivyo. Mara "salary" (mshahara) ni askari wa Roma kulipwa chumvi, sawa, kwa Kilatini neno linagusana na chumvi kweli, ila hao askari wa kubeba chumvi mwisho wa mwezi sijui nani kawaona.

Sasa kuna semina moja ya kazini siisahau. Mwezeshaji kaweka slaidi, picha ya daftari la zamani, nondo, yule mdudu kama kipepeo, kabandikwa kwa selotepu, akatuambia hapo ndipo "bug" ya kompyuta ilipozaliwa, yaani neno la mdudu kuitwa hitilafu, Chuo Kikuu cha Harvard, 1947, na aliyemkamata ni Grace Hopper, mwanasayansi wa kompyuta. Makofi. Dada mmoja wa kule nyuma akanyoosha mkono akaomba picha ikuzwe, akatusomea kilichoandikwa chini ya nondo, kwamba hiki ndicho kisa cha kwanza halisi cha "bug" kupatikana. Akauliza kwa upole tu, kama neno halikuwepo, hiyo "halisi" ya nini, utani uko wapi? Mwezeshaji akanywa maji, akasema tutalirudia baada ya chai. Baada ya chai tukaanza mada nyingine, na slaidi ile hatukuiona tena.

Na dada alikuwa sahihi, maana mvumbuzi Thomas Edison aliandika "bug" kwa maana ya hitilafu kwenye barua ya 1878. Hopper naye siye aliyemkamata nondo, alipenda tu kukisimulia kile kisa, jina likaganda hapo.

Ila kadiri ninavyoandika najiona nalainika. Nondo alikuwepo, alinaswa kwenye rilei (swichi ya umeme) ya Mark II, kompyuta ya pale Harvard, na daftari lipo makumbusho ya Smithsonian, Marekani, mpaka leo, huwezi kumweka kapu moja na tiketi za "posh". Basi mkinibana, kura yangu naipa "bug" hiyohiyo na nondo wake, kwa sharti kwamba msimuliaji asome mpaka maandishi ya chini. Akishindwa, kura ihamie kwa "OK", utani wa gazeti la Boston la 1839, herufi za "oll korrect", yaani "all correct" (sawa kabisa) iliyokosewa makusudi. Ingawa nayo hiyo nimeshasikia ikipewa kina baba kibao.