Kwa ndugu wa Mambrui: msimtie mzee dole

Ndugu yangu, simama hapo hapo. Hiyo karatasi usiipeleke Mambrui.

Nimesoma ulichoandika mara tatu. Baba yako ana miaka 76, amepata kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki. Ndugu zako wanakuja Jumamosi kutoka Mombasa kumtia dole kwenye hati ya uwakili, ile ya kumruhusu mwingine atende kwa niaba yake, ili kaka mkubwa apate nguvu ya kuuza kipande cha shamba la minazi, mumlipe mlezi na mumhamishie mzee Malindi mjini. Unauliza wakili hutoza kiasi gani, mlezi wa kulala ndani hulipwa ngapi kwa mwezi, pesa za Inua Jamii, zile Serikali inazowapa wazee, mtazichukuaje nyinyi, na kama kuhama kutamfaa. Maswali manne, na hakuna hata moja linalouliza baba mwenyewe anataka nini.

Sikulaumu. Mimi nilikuwa hivyo hivyo mwaka 2018, na mkono huu ninaouandikia ndio ulioshika dole la mamangu.

Mamangu ni mtu wa Lamu, mtaa wa Mkomani. Nyumba yake ya mawe alipewa na babake siku za harusi yake, kama ilivyokuwa ada ya Lamu kumpa binti nyumba ili asiwe mgeni kwa mume. Sote watano tumezaliwa humo. Alipoanguka alikuwa na miaka 73. Nikamleta kwangu Malindi, kwa kuwa hapa ndipo nilipoolewa na hapa kulikuwa na mtu wa mazoezi ya viungo ninayemjua. Hatukumuuliza. Alikuwa hasemi, nasi tukachukulia kuwa asiyesema hana la kusema.

Nikaajiri msichana wa kumtunza, mtoto mzuri, mpole, mtu wa bara. Mama alirudiwa na neno moja baada ya wiki kama tano: "Ndoo." Kutwa "ndoo, ndoo." Yule msichana akawa kila akiitwa anakimbia na ndoo, akidhani bibi anataka kujisaidia. Mama analia, msichana naye analia. Mimi niko dukani. Siku niliyolisikia mwenyewe nilikaa chini sakafuni. Mamangu anasema Kiamu! Kwao njoo ni "ndoo". Alikuwa akiniita mimi muda wote ule, na jibu lake lilikuwa ndoo ya plastiki.

Nakueleza haya ili ujue kuwa alikuwamo. Akili ilikuwa nzima, ila mlango wa kutokea ndio uliokuwa umeziba. Kiharusi kikipiga ubongo upande wa kushoto, hulegeza mwili upande wa kulia na mara nyingi huchukua maneno, kwa sababu kwa watu wengi maneno hukaa upande huo. Mtu aweza kushindwa kusema jina lake na bado akaelewa mengi sana ya yale mnayoyasema juu ya kitanda chake. Baba yako upande wake wa kulia ndio uliolegea, sivyo? Basi fikiria amesikia mangapi tangu alazwe hapo.

Sasa nije kwenye lile lililotuua.

Kulikuwa na bwana mmoja, rafiki wa binamu yetu, ashindaye karibu na maofisi akiwaandikia watu barua na mikataba. Si wakili, lakini amekaa karibu na mawakili mpaka amepata sauti yao. Huyu ndiye aliyetwambia, "Mzee akishapooza, watoto ndio wenye sauti. Sheria ndivyo ilivyo." Uongo mtupu! Hakuna sheria ya Kenya inayosema hivyo, wala ya dini. Mpaka leo nikimwona barabarani natetemeka, maana alilisema kwa upole, kama mtu anayetusaidia, akachukua pesa yake akaenda kuwasaidia wengine. Naye wakili aliyepiga muhuri hakuwahi kumwona mamangu hata kwa picha. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 inataka mwenye kutia sahihi afike mbele ya mwenye mamlaka, ijulikane kuwa ni yeye, na ihakikishwe kuwa ametia kwa hiari yake. Mamangu alikuwa amelala chumbani kwangu.

Karatasi ilikuwa kurasa tatu, Kiingereza chote. Mama anasoma Kurani na anasoma Kiswahili. Kaka alishika karatasi, mimi nikashika dole. Akavuta mkono. Ndugu yangu, alivuta mkono! Nikamwambia, "Mama, ni ya hospitali tu, tulia." Nikabonyeza.

Hati ile ilikuwa ya uwakili wa kila kitu: kuuza, kukodisha, kuweka rehani, kutoa pesa benki, bila mwisho. Kabla mwaka haujakwisha, kaka alikuwa ameikodisha nyumba kwa miaka 9 kwa mtu wa kulaza wageni, mkataba ukasajiliwa, na nusu ya kodi akaipokea mbele. Anasema alimtibia nayo mama. Kiasi fulani ni kweli, na kiasi kingine kiko kwenye mashine ya boti.

Mimi nilijua lini? Siku moja na mama. Jirani wa Lamu alikuja kumjulia hali, akasema bila kukusudia ubaya, "Nyumba yenu imependeza, imepakwa chokaa upya, wageni wamejaa mpaka ndani." Mama aligeuza uso ukutani. Siku nne hakula. Nilimwekea uji, nikamwekea maji ya dafu, akafunga mdomo. Siku ya tano akaniangalia akasema neno la pili, "Yangu."

Tukaenda kwa wakili wa kweli, mwanamke, ambaye alitutoa sote nje akabaki na mama saa nzima. Alipotoka alikuwa na majibu ya mambo ambayo mimi sikuyapata miezi saba. Uwakili ukafutwa, hilo lilikuwa rahisi. Lakini kufuta hakurudishi nyuma. Alichokifanya mwakilishi kabla ya kufutwa, kikiwa ndani ya nguvu alizopewa, humfunga mwenye mali kama kwamba amekifanya mwenyewe. Mpangaji alikuwa na mkataba uliosajiliwa, amelipa, na hakuna kosa lake. Kuuvunja kulitaka tuthibitishe mbele ya mahakama ya ardhi kwamba mama hakuelewa alichotia dole, na kwamba aliambiwa ni karatasi ya hospitali. Shahidi ni nani? Ni mimi. Ilikuwa nisimame nimtaje kaka yangu, nami nijitaje. Mama ndiye aliyekataa. Alitikisa kichwa mpaka tukaacha. Watoto wake wasipelekane kortini kwa ajili yake, huo ulikuwa uamuzi wake, na angalau huo tuliusikiliza.

Kwa hiyo shika neno hili moja. Kabla ya wakili, kabla ya mlezi, kabla ya gari la kumhamisha: muulize yeye, peke yake, kwa lugha ya kwao, kisha ungoje jibu.

Kungoja ndiko kugumu. Nenda asubuhi akiwa hajachoka. Mvalishe miwani, na kama masikio ni mazito kaa karibu na upande anaosikia. Zima redio. Watoe watu, hata mama yako wa kambo, hata watoto. Uliza jambo moja la ndiyo au la, abinye mkono kwa ndiyo. Anza na yale unayoyajua jibu lake, "Wewe ni mtu wa Mambrui?" "Shamba lako ni la minazi?" Kisha rudia kwa kugeuza, uone kama jibu nalo litageuka. Chukua picha ya shamba, picha ya nyumba ya mjini, aguse. Hesabu polepole mpaka 30 kabla hujasema tena. Siku ya kwanza mimi nilifika 6 nikamjibia mwenyewe. Fanya hivyo siku mbili tatu, na mtu asiye na haja na shamba awepo, imamu wa msikiti wake au muuguzi anayemtibu.

Akielewa na akikubali, basi hati iwe nyembamba. Iandikwe kwa Kiswahili au asomewe yote kwa Kiswahili mbele ya wakili aliyefika kitandani. Itaje kazi moja moja, mfano kutoa pesa za matibabu katika akaunti fulani mpaka tarehe fulani. Wawe wawakilishi wawili wanaotia sahihi pamoja. Kuuza, kukodisha na kuweka rehani viandikwe kuwa havimo. Na akitaka kuuza shamba lake, auze yeye, akiwa anajua bei.

Asipoelewa, hakuna hati. Asiyeelewa hawezi kumpa mtu uwakili, na hata uliotolewa vizuri hufa akili ikiondoka, hufa pia mtu akifa. Hapo njia ni Mahakama Kuu kupitia Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, imteue msimamizi wa mali yake. Ni safari ndefu, inachosha, lakini yule msimamizi hutakiwa atoe hesabu.

Na huyo kaka mkubwa akikwambia "ni urithi wetu tu", mjibu kwamba mtu hai harithiwi. Sisi Waislamu tunajua hata wasia una mpaka wake, theluthi, wala hauendi kwa mrithi bila wenzake kuridhia. Hiba, yaani zawadi, nayo inataka mtoaji atamke, mpokeaji akubali na akabidhiwe, na ikitolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia. Kadhi atawaambia hayo hayo.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, imempa mtu aliyefika miaka 60 haki ya kushiriki mambo ya jamii, kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Nilikisoma baadaye sana. Kilichonichoma ni kwamba vyote viko pamoja katika kifungu kimoja, kutunzwa na kuheshimiwa, nami nilikuwa nimeshika kimoja nikakitumia kukanyagia kingine. Tena Sheria ya Afya ya 2017 inataka mgonjwa aelezwe kwa lugha anayoifahamu kila inapowezekana, na aweza, akili ikiwa naye, kumtaja kwa maandishi mtu wa kumkubalia matibabu siku akishindwa. Hiyo ndiyo karatasi ya kumpelekea baba yako kwanza. Pengine atamtaja mtu msiyemtarajia. Mamangu alimtaja yule msichana wa ndoo.

Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi na ni zake. Anayekwenda kumchukulia ni mguu wake tu. Mwekee mkononi, azihesabu, aseme zinunue nini. Mamangu alinunua udi na kahawa, na mimi nilitaka nepi. Tulinunua vyote.

Mkataba wa nyumba unakwisha 2027. Mama alirudi Lamu, amekaa kwa dadangu mtaa wa Langoni, chumba kimoja. Alasiri hupelekwa Mkomani, na yule mpangaji, Mungu amlipe, humtolea mto wa kukalia pale dakani, kwenye mlango wake mwenyewe, akamletea kahawa kama mgeni.

Leo ni Jumatano. Panda matatu kesho asubuhi uende Mambrui peke yako, kisha rudi hapa uniandikie amesema nini.