Kuthibitisha kwamba pochi ya kripto ni yako

Ndugu wa Bukavu, umeuliza kwa nini soko la Ulaya la kripto (sarafu za kidijitali) ulikofungua akaunti linataka uthibitishe kwamba pochi iliyo katika simu yako, yaani programu unayotunzia kripto mwenyewe, ni yako. Tangu tarehe 30 Desemba 2024, sheria ya Umoja wa Ulaya inadai hivyo kwa uhamisho unaozidi yuro 1.000 kati ya soko na pochi kama hiyo. Njia bora ni kutumia ufunguo wa siri, yaani namba ya siri ya pochi ambayo haitoki ndani yake, kutia sahihi ya kidijitali ujumbe ambao soko litakuandikia. Wao huilinganisha sahihi hiyo na anwani ya pochi yako, yaani namba yake ya kupokelea kripto. Pengine, badala ya sahihi, wataomba utume kiasi kidogo cha kripto kutoka pochi hiyo. Lakini nakusihi, maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi usimpe yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa soko, kwani anayeyajua anaweza kuhamisha kila kitu, na uhamisho huo haurudishwi.