Usiseme muvi imesifiwa bure kabla hujapima nakala uliyoangalia

Usinunue hiyo flashi. Soma hapa kwanza, pesa ikiwa bado mfukoni.

Kwa waliochelewa: mleta mada yuko Mwanga, Kigoma, anataka kufungua kibanda cha kuonyesha muvi. Anasema Parasite na The Godfather ameziangalia zote mbili zikiwa zimetafsiriwa na dijei, yule anayesimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya muvi, zikamchosha, na anaamini zimesifiwa bure. Sasa kuna jamaa anamuuzia flashi ya GB 64 yenye "muvi 100 bora za dunia". Anauliza zipi azifute mapema kwa kuwa zimesifiwa kupita kiasi.

Mdogo wangu, chukua kalamu tupige hesabu. Flashi iliyoandikwa 64 ukiichomeka kwenye kompyuta haionyeshi hata 60 kamili. Lakini tumpendelee muuzaji, tumpe zote 64. Ukigawa kwa muvi 100, kila moja inapata MB 640. The Godfather ina dakika 175, yaani sekunde 10,500. MB 640 ukizitandaza kwenye sekunde hizo unapata kama kilobiti 490 za data kwa kila sekunde, na humo sauti inachukua 100 au zaidi. Picha inabaki na chini ya 400. DVD ya kawaida, ile ya zamani tunayoidharau siku hizi, hutumia 4,000 na kuendelea. Kwa hiyo unachouziwa ni mabaki ya muvi. Fremu nyingi zimekamuliwa mpaka zimebaki ganda, na jina kubwa limebandikwa juu.

Na uharibifu hauenei sawasawa. Programu ya kubana ikikosa nafasi hutupa kwanza kile inachodhani jicho halitakiona, na sehemu za giza ndizo za kwanza kuumia. Sasa angalia The Godfather inavyoanza. Mzee mmoja anamlalamikia Don, mkuu wa genge, ofisini, uso wake unatoka kwenye giza, kamera inarudi nyuma taratibu sana mpaka unaona bega na mkono wa anayemsikiliza. Mpiga picha wake, Gordon Willis, aliweka taa juu ya vichwa makusudi ili macho ya Marlon Brando, anayemwigiza Don, yazame kivulini, usijue anawaza nini. Nje kuna harusi, jua kali, watu wanacheza. Muvi nzima imejengwa juu ya tofauti ya sehemu hizo mbili: giza la biashara na mwanga wa familia. Kwenye nakala ya MB 640 lile giza linakuwa vigae vyeusi vinavyorukaruka, na Don anakuwa doa linaloongea. Mtu akiangalia doa linaloongea kwa saa tatu, lazima achoke. Mimi mwenyewe ningechoka. Lakini kilichomchosha ni kazi ya aliyebana faili, na lawama zinamwendea Coppola aliyeiongoza muvi.

Muuzaji akikuambia "hizi ni HD", mwambie afungue faili kwenye VLC, programu ya kuchezea video, abonyeze Ctrl na J. Kitatokea kidirisha chenye vipimo vyote. Faili inaweza kuandikwa 1080 na bado ikawa tope, kwa sababu ukubwa wa fremu ni kitu kimoja na kiasi cha data kinachoijaza ni kitu kingine. Kwa muvi ya saa mbili usiguse chochote kilicho chini ya GB 1.5, na kama ina giza nyingi tafuta 3 au 4. Hapo utakutana na kikwazo kingine: flashi nyingi zimefomatiwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, na FAT32 haipokei faili moja inayofika GB 4. Baadhi ya deki na TV za bei ya chini zinasoma huo mfumo tu.  Kama TV yako inasoma exFAT au NTFS, fomati flashi upya na shida hiyo inaisha.

Hawa watu wa flashi wananikera, na nasema wazi. Wanachukua orodha mtandaoni, wanajaza majina, hawajaangalia hata kumi kati ya hizo mia, kisha vijana wanatoka pale wakiamini sinema za dunia ni ujinga mtupu. Ni kama kumuonjesha mgeni mgebuka uliolala juani siku mbili, halafu aende kwao akasimulie kwamba samaki wa Tanganyika hana ladha.

Twende kwenye Parasite, maana malalamiko yako ndiyo yaliyonifanya niandike. Umesema: "yule dereva anamuua bosi wake bila sababu, muvi ikaharibika hapo." Sababu ipo, tena imetajwa waziwazi mara kadhaa. Ni harufu. Kwanza mtoto mdogo wa tajiri anawanusa wale wafanyakazi wapya, dereva na wenzake, ambao ni familia moja maskini inayojifanya haijuani, na kusema wananukia sawa. Baadaye familia ya dereva imejificha chini ya meza sebuleni usiku, na tajiri yuko kwenye kochi pale juu yao anamwambia mkewe kwamba dereva ananuka kama figili iliyokaa sana, kama kitambaa kilichochemshwa, harufu ya watu wanaopanda treni za chini ya ardhi. Dereva analala pale sakafuni, anasikia kila neno, na watoto wake wanasikia. Kesho yake mke wa tajiri ndani ya gari anashika pua na kufungua kioo. Kisha pale bustanini, damu inamwagika, tajiri anataka ufunguo ulio chini ya mtu anayekufa, anambinua huku ameziba pua. Dereva anaiona ile pua iliyozibwa. Basi.

Dijei aliyekusimulia alikuwa na kazi ya kuchekesha na kuharakisha. Zile sentensi za harufu zinasemwa kwa sauti ya chini, katikati ya maongezi ya kwenye kochi, na yeye hapo alikuwa anapiga stori zake. Ukiondoa harufu, mauaji yanabaki bila mzizi, na una haki ya kusema hayana maana. Ila hukuangalia Parasite ya Bong Joon-ho, iliyochukua tuzo kubwa ya tamasha la filamu la Cannes 2019 na Oscar ya filamu bora mwaka uliofuata. Uliangalia kipindi cha dijei chenye picha zake.

Siwachukii madijei. Kwa muvi za ngumi na risasi wamewafungulia mlango watu wengi ambao Kiingereza hakipandi, na wengine wana kipaji cha kweli. Lakini fikiria Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ile ya 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Halafu fikiria inaonyeshwa Seoul, wahusika wake Yasmin na Denge wanaongea Kiswahili chao cha Unguja, na juu yao Mkorea mmoja anapayuka mwanzo mpaka mwisho, taarabu haisikiki. Mkorea akitoka pale akisema imesifiwa bure, ungemkubalia?

Kuna muvi ambazo dijei anaziua kabisa, hata awe hodari vipi, kwa sababu ukimya ndio muvi yenyewe. 2001: A Space Odyssey ya Kubrick haina neno hata moja la binadamu kwa karibu dakika 25 za mwanzo. Roma ya Alfonso Cuarón haina muziki wa kupambia, unasikia mbwa, ndege, wauza barabarani, maji yanayomwagwa sakafuni. Ukijaza pale kelele, umefuta.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na siiachi: pima nakala kwanza, ndipo upime muvi. Inachukua dakika tano.

Anza na muda. Tafuta muvi ina dakika ngapi, linganisha na faili lako. Once Upon a Time in America ya Sergio Leone ilionyeshwa Cannes 1984 ikiwa na dakika 229. Wasambazaji wa Marekani wakaikata hadi 139, wakaipanga upya matukio yafuatane kwa miaka wakati yeye aliyachanganya makusudi. Walioangalia ile fupi waliiponda, na walikuwa sahihi kuiponda. Walioisifu waliangalia nyingine. Jina moja, muvi mbili, na watu wanabishana miaka nenda rudi bila kuulizana dakika.

Lakini usikimbilie ndefu zaidi ukidhani ndiyo halisi. Apocalypse Now ya 1979 ni ya kama saa mbili na nusu. Toleo la 2001, Redux, lina dakika 202, na wengi wanaolalamika kwamba inaburuta waliangalia hilo. Cinema Paradiso iliyochukua Oscar ya filamu ya kigeni ni ya dakika 124, kuna nyingine ya 173. Unachotafuta ni toleo lililosifiwa.

Ukikuta upungufu mdogo wa asilimia 4, usiogope. Sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde, na TV za mfumo wa PAL, uliotumika Ulaya na huku kwetu, zinakwenda 25. Nakala nyingi za DVD za Ulaya ziliharakishwa kidogo, hivyo dakika 175 zinakuwa 168 bila kukatwa kitu. Athari yake utaiona kwenye maandishi ya chini, yale ya tafsiri, kama yalitengenezwa kwa kasi nyingine: yanaanza sawa, kufika katikati yamepotea kabisa. Kama maandishi yanachelewa au kuwahi kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, bonyeza G au H kwenye VLC mpaka yakae sawa. Kama yanazidi kuachana kadiri muvi inavyokwenda, G na H hazitakusaidia, tafuta maandishi yaliyotengenezwa kwa kasi ya faili lako.

Kisha umbo la picha. Kwenye kile kidirisha cha Ctrl na J gawanya upana kwa urefu. Parasite inatakiwa kutoa kama 2.39, mfano 1920 kwa 804. Ikitoa 1.78 na picha imejaa kioo kizima bila mistari myeusi, kuna mtu amekata pembeni, na robo ya picha haipo. Citizen Kane ya 1941 inatakiwa 1.37, karibu mraba. TV ikiivuta ijaze kioo, kila mtu ananenepa kwa karibu theluthi. Ukitaka kujua bila hesabu, subiri itokee sahani, saa ya ukutani au gurudumu lililokutazama sawasawa. Likiwa yai, picha imevutwa.

Hapa wenye vibanda mnachangia. Mteja akilalamika kuna mistari myeusi juu na chini, mnachukua rimoti mnabonyeza zuumu. Msibonyeze. Ile mistari inalinda picha, na mteja akielezwa mara moja anaelewa.

Jambo jingine linalowapoteza watu ni alama za mtandaoni. Tovuti ya Rotten Tomatoes ikisema asilimia 95, haina maana muvi imepata 95 kwa 100. Maana yake wahakiki 95 katika kila 100 wameikubali, hata kama kila mmoja ameipa 6 kwa 10. Muvi ya kawaida isiyomuudhi mtu inaweza kupata 95, na wewe ukaenda ukitegemea muujiza. Tovuti ya IMDb ni kura za watazamaji wa kawaida, ndiyo maana The Shawshank Redemption imekaa kileleni miaka mingi. Orodha ya jarida la Sight and Sound la Uingereza ni kura za wahakiki kila miaka 10: Citizen Kane ilishika namba moja kuanzia 1962 hadi 2002, ikaja Vertigo 2012, kisha Jeanne Dielman 2022. Hiyo ya mwisho ina dakika 201 za mama mmoja akimenya viazi na kupanga nyumba. Naipenda kwa moyo wote, lakini ukiiweka kibandani Jumamosi jioni baada ya mpira utarudisha viingilio. Muuzaji wa flashi amezichanganya orodha zote tatu kwenye folda moja, akaandika "bora".

Zilizosifiwa kupita kiasi hata ukiwa na nakala safi zipo, sikatai. Kwangu ya kwanza ni Crash, iliyochukua Oscar ya filamu bora 2006 mbele ya Brokeback Mountain. Jiji kubwa kama Los Angeles, na watu walewale wanagongana kila kona ili kila mmoja apate somo lake la ubaguzi. Nayo Avatar ya 2009 ilitengenezwa kwa ajili ya miwani ya 3D na kioo kikubwa. Kwenye TV ya inchi 32 unabaki na hadithi yake, na hadithi ni nyembamba.

Watakaokuja kusema najifanya Mzungu kwa kukataa dijei, karibuni sana, ila kila mmoja aje na dakika za nakala yake.

Mleta mada, pesa ya flashi inunulie bando la usiku, chukua Parasite peke yake kwenye huduma halali inayoruhusu kupakua, ya Kikorea yenye maandishi ya chini, na uiangalie taa zikiwa zimezimwa. Sikiliza yale maongezi ya kwenye kochi mpaka mwisho, kisha rudi useme kama dereva bado hana sababu.