Maswali na Majibu: Kadi ya Sauti Badala ya Osiloskopu

SWALI: Ninajifunza elektroniki nyumbani na nimeunda saketi ndogo ya kutoa mapigo kwa kutumia IC ya 555 (chipu ndogo ya kupanga muda) inayopewa umeme na betri ya volti 9. Ningependa kuona umbo la wimbi lake, lakini sina osiloskopu. Nimesikia kwamba kadi ya sauti ya kompyuta inaweza kufanya kazi hiyo. Je, ni kweli, na nitajuaje kwamba siiunguzi kompyuta? Pia, nilipojaribu kupima betri kavu kupitia tundu la sauti, mstari uliruka mara moja kisha ukarudi kwenye sifuri. Kwa nini?

JIBU: Ni kweli, na kwa kazi za masafa (idadi ya mawimbi kwa sekunde) ya sauti kadi hiyo ni chombo kizuri kuliko wengi wanavyodhani. Ndani yake mna kigeuzi kinachopima volti mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde, na kadi nyingine hufikia 96,000 au 192,000. Programu kama Audacity, au xoscope kwa wanaotumia Linux, huchora vipimo hivyo kwenye skrini vikaonekana kama wimbi.

Nianze na betri yako, kwa sababu jambo hilo huwapotosha wengi. Kwenye mlango wa kadi kuna kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji) inayozuia mkondo mnyoofu (DC), hivyo kadi huona mabadiliko ya volti tu, wala haioni volti iliyotulia. Ule mruko ulikuwa kapasita ikijichaji. Vivyo hivyo, mapigo yako yanayopanda kutoka sifuri hadi karibu volti 9 yataonekana kana kwamba yanapanda na kushuka pande zote mbili za sifuri, na yakiwa ya polepole sana, sehemu yake ya juu iliyo bapa itaonekana imeinama. Usiilaumu saketi, hiyo ni tabia ya kadi. Volti iliyotulia ipime kwa multimita.

Kuhusu usalama, usiunganishe kamwe volti 9 moja kwa moja. Tundu la laini, ambalo kwenye kompyuta nyingi za mezani lina rangi ya buluu, limekusudiwa mawimbi ya takriban volti 1, ilhali lile la maikrofoni, la waridi, limeundwa kwa milivolti chache na lenyewe hutoa volti ndogo ya kuendeshea maikrofoni, kwa hiyo liepuke ukiweza. Jenga kinga hii: kapasita isiyo na chanya na hasi ya maikrofaradi 1, ikifuatiwa na rezista (kizuia mkondo) ya kiloomu 100, kisha rezista ya kiloomu 10 inayokwenda kwenye waya wa pamoja (ule wa sifuri ya saketi), na sambamba na hiyo ya pili diodi mbili za 1N4148 (vijenzi vinavyopitisha mkondo upande mmoja tu) zilizoelekezwa kinyume. Rezista hizo hupunguza wimbi hadi takriban sehemu moja ya 11, na volti ikizidi kwa bahati mbaya, diodi huibana kwenye karibu volti 0.6.

Waya wa pamoja wa kadi mara nyingi umeungana na ethi (waya wa ardhini) ya umeme wa jengo kupitia kompyuta. Kwa hiyo ukiushikiza mahali pasipo pa sifuri katika saketi inayopata umeme wa ukutani, unaweza kusababisha shoti. Tumia saketi za betri kama hiyo yako, na usipime umeme wa ukutani wala sehemu yoyote iliyoungana nao, hata ukiwa na kinga niliyoeleza. Hapo ni uhai wako ulio hatarini, wala si kompyuta peke yake.

Skrini haitakuonyesha volti halisi mpaka uilinganishe na kipimo unachokiamini. Zima marekebisho ya sauti yanayojiendesha, toa wimbi la sini (wimbi laini lisilo na pembe) la hezi 200 kupitia tundu la spika, lipime kwa multimita upande wa mkondo geu (AC), kisha liingize kupitia kinga yako. Multimita ikisoma volti 0.5, kimo cha wimbi kutoka kilele cha juu hadi cha chini ni volti 1.41. Baada ya hapo usiguse tena kiwango cha sauti.

SWALI: Kwa nini wimbi langu la mraba la kilohezi 10 linaonekana mviringo kama la sini?

JIBU: Wimbi la mraba linaundwa na sini ya masafa yake pamoja na nyingine za mara 3, mara 5, mara 7 na kuendelea, na hizo ndizo zinazochonga pembe zake. Kwa wimbi lako zinaanzia kilohezi 30, wakati kadi inayopima mara 48,000 kwa sekunde haiwezi kuonyesha chochote kinachozidi kilohezi 24, hivyo inabaki ile ya kwanza peke yake. Masafa unayoyasoma ni sahihi. Umbo ndilo lisiloaminika. Shusha saketi hadi kilohezi 1 nawe utauona mraba, ukiwa na viwimbi vidogo kwenye pembe vinavyotokana na vichujio vya kadi.