Balbu zangu za LED zinakufa mapema, ninunue zipi?

Swali: Shikamoo fundi. Naishi Tabata na wanangu. Luku ilikuwa inaisha haraka, nikabadilisha taa zote sita nikaweka LED za wati 9, nilizozipata Kariakoo kwa bei ya chini. Hata mwaka haujaisha, mbili za sebuleni zimekufa. Ya korido nayo inabaki na mwanga hafifu usiku kucha hata nikiizima. Ninunue zipi? Au nirudishe enaji seva zangu za zamani?

Jibu: Marahaba dada. Usirudi nyuma. Glopu ya zamani ya wati 60 ikiwaka kwa saa tano kila siku, inakula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 kwa muda huohuo haifiki uniti moja na nusu. Enaji seva yenye mwanga kama huo huwa na wati 13 hadi 15, na ndani ina zebaki.

Kabla ya kununua nyingine, tazama zile mbili za sebuleni zilikuwa zimefungwa wapi. Kama zilikuwa ndani ya kioo kilichofunikwa pande zote, naanza kushuku joto kabla ya kulaumu duka. Joto la LED hukusanyika kwenye kitako, na hapohapo ndipo ilipo saketi ndogo inayopokea umeme wa volti 230. Saketi hiyo ina kapasita, kifaa kidogo cha kutunza umeme, ambayo joto huikausha taratibu. Sasa fikiria kioo kimeziba, dari iko chini ya mabati, na ni Februari hapa Dar. Hata balbu ya bei kubwa itateseka humo. Ondoa kile kioo, au tafuta balbu ambayo boksi lake linasema inafaa kwa taa zilizofunikwa.

Ukifika dukani, soma lumeni kwanza, yaani kipimo cha mwanga, maana wati zinakuambia umeme unaoliwa tu, hazikuambii mwanga. Sebuleni, jikoni na mezani wanaposomea watoto, chukua yenye lumeni kama 800. Korido na choo, 400 zinatosha kabisa. Angalia pia volti: iliyoandikwa 170 hadi 250 huvumilia umeme unaopanda na kushuka kuliko iliyoandikwa 220 hadi 240. Hakikisha ina alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na uombe risiti yenye garantii. Kisha mwambie muuzaji aiwashe, uielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inapita kwenye skrini, mwanga huo unapepesa hata kama macho hayaoni, na mimi nisingemwekea mtoto anayesoma.

Rangi ya mwanga, ile namba yenye K kwenye boksi, ni hiari yako: 3000K ni ya njano tulivu, nzuri chumbani, 6500K ni nyeupe kali, wengi huipenda jikoni.

Ya korido usiichukulie kawaida. Kama swichi yake ina taa ndogo ya kuonyesha ilipo gizani, umeme kidogo unapitia hapo na LED inaudaka. Hilo halina hatari. Lakini kama swichi ni ya kawaida, huenda aliyefunga waya aliiweka kwenye nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, badala ya kwenye waya wa moto unaouleta. Maana yake holda ina umeme hata ukiwa umezima, na atakayeingiza mkono kubadilisha balbu anaweza kupigwa shoti. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, aipime kwa testa. Ni kazi ya muda mfupi tu. Mpaka atakapofika, usiguse holda hiyo bila kuzima meni swichi.

Zile enaji seva zihifadhi kwenye boksi, watoto wasizichezee. Ikivunjika moja, watoe watu chumbani, fungua madirisha kwa dakika kumi au zaidi, kisha zoa vipande kwa karatasi ngumu na ufute pale kwa kitambaa kibichi. Usitumie ufagio, utaitawanya zebaki.